Barua Saba za Mjomba

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyowakuta watu wa nyumba moja, na mwenye ndugu msomi asikilize mara mbili.

Asubuhi ile ilikuwa ya raha. Mama alikuwa akimimina chai, kaka yake akimmenyea mpwa wake chungwa, na binti mwenyewe, waliyemtania kwa jina la Konokono, akipima magamba ya konokono pale pale mezani. Ndiyo kazi aliyoisomea: kuchunguza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Mjomba alikuwa profesa wa elimu hiyohiyo, na tangu baba afariki, ndiye aliyekuwa tegemeo lao.

Konokono alikuwa ameomba kazi ya utafiti mara sita, akakataliwa mara sita. Sasa alingoja jibu la saba, tena la mwisho. Nafasi zile hupewa waliohitimu ndani ya miaka mitatu, na yake ilikuwa inatimia siku ileile.

Simu ikalia. Aliyepiga ni mama mmoja, mkuu wa kituo cha utafiti alikoomba mara ya saba.

"Nakiuka utaratibu, binti yangu, lakini dhamiri inanisuta. Kwenye usaili uliwashinda wote. Barua ya mdhamini wako ndiyo iliyokuangusha."

"Ipi hiyo?"

"Ya profesa. Kaandika kwamba mikono yako inafaa kupima tu, kichwa bado."

Wenye kazi hii wana desturi yao: mdhamini humtumia mwajiri barua moja kwa moja, mwombaji haioni. Konokono hakuwahi hata kuuliza. Angemuulizaje mtu aliyemlea?

"Mjomba, umeniandikia nini?"

Mjomba hakubabaika, na nadhani hilo ndilo lililomchoma Konokono zaidi. "Wewe bado mdogo. Halafu ukiondoka, magamba elfu nne nitapimiwa na nani? Ngoja nimalize utafiti wangu, nitakutafutia mahali."

"Muda wangu umekwisha leo, mjomba."

"Utapata kwingine."

"Wapi?"

Mama akaweka birika chini.

"Kaka, hizo barua saba ulikuwa unaziandikia wapi?"

Profesa mzima akainamisha kichwa. "Hapa," akasema. "Mezani kwako."

Konokono aliingia chumbani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Kazi ya utafiti hakuipata tena. Mjomba alimaliza utafiti wake, akasifiwa sana. Mpaka leo akija, dada yake humsalimia mlangoni, wala hamwambii karibu.

FUNZO

Enyi wakubwa mlioshika kalamu ya kuwapitisha vijana, kijana si chombo chenu cha kazi. Kama hafai, mwambieni usoni ajirekebishe. Nanyi vijana, msiweke maisha yenu yote katika barua ya mtu mmoja, hata akiwa damu yenu. Anayekuhitaji na anayekupenda ni watu wawili tofauti, na Konokono aliwajua akiwa amechelewa.