Kifurushi cha Duka la Kona

Fundi hakuwa mtu wa kuficha hasira. Akikasirika, cherehani yake ilikasirika naye, na mtaa mzima ukajua. Jioni hiyo alitoka nyumbani akitembea kwa kishindo. Binti yake Chiriku, mtoto wa miaka tisa aliyeitwa hivyo kwa maneno mengi, alikuwa amelala na joto kidogo. Baba yake mtoto, dereva wa lori, alikuwa safarini. Kazi ilikuwa ndogo tu, kununua dawa ya homa na kurudi.

Duka la dawa limefungwa. Jua hata halijazama!

"Hovyo kabisa!" akaliambia kufuli.

Lakini alijua sababu. Maduka ya mtaa yalikuwa saba, yamepangana kuzunguka kiwanja kimoja, na miaka yote watu walijazana pale. Ukitaka nyanya, stori, kunyolewa au kugombana kidogo, unakuja kiwanjani. Sasa wote, hata muuza dawa, walikuwa wamesimama foleni mlango mmoja tu, duka la kona, lililokaa miaka na kutu kisha likafunguliwa mwezi uliopita. Nani kalifungua? Hakuna aliyejua. Hakuna aliyejali pia.

Walichojali ni vifurushi.

Ukiingia, mwenye duka anakutaja jina kabla hujasalimia. Halafu anasukuma kifurushi cha karatasi ya kaki na kusema, "Nimekuwekea." Hujaagiza kitu. Ukifungua, unakuta kile kile utakachokihitaji kesho. Mama Mayai alipewa kufuli, na usiku huo huo wezi wakavunja lile lake la zamani. Kinyozi alipewa bandeji, na kesho yake wembe ukamchana kidole.

"Alijuaje, eh?" Kinyozi alikuwa akimsimulia kila mteja, kidole juu kama bendera. "Huyu mtu ni baraka!"

"Na kama asingekupa bandeji," Fundi alimuuliza, "wembe ungekuchana?"

"Ah, Fundi na wewe! Kila kitu ugomvi."

Wakacheka. Wamerogwa hawa, Fundi alijisemea, wamerogwa na wanasema asante. Aliapa hatakanyaga kule. Lakini homa ya mtoto haingojei viapo. Foleni ilipoisha, akaingia shingo upande.

Ndani kulikuwa na baridi. Harufu ya kitambaa kipya... na chini yake, harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa. Mwenye duka alikuwa jitu la mtu, mpole, mikono imetulia juu ya kaunta. Fundi hakuwahi kuiona ikipanga bidhaa wala kufunga karatasi.

"Karibu, mama Chiriku."

"Dawa ya maji ya homa. Ya mtoto."

"Dawa haitahitajika."

"Nimesema dawa!"

"Nimekuwekea kitakachohitajika."

Karatasi ikachakarisha. Kifurushi kilikuwa mbele yake na hakuona kimetoka wapi. Akakirarua kwa hasira, tayari kumtupia usoni.

Pamba. Kipande cha sabuni. Bafta nyeupe.

Mikono ya fundi haiombi ruhusa. Kabla hajafikiri, alikuwa ameshaikunjua na kuipima kwa mkono, kutoka puani hadi ncha za vidole. Yadi moja na nusu.

Wiki iliyopita alikuwa amemshushia Chiriku pindo la gauni. Alijua urefu wa mwanawe kama anavyojua jina lake.

Yadi moja na nusu ilimtosha kuanzia kichwani hadi miguuni, sanda kamili.

"Shetani wewe!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nani kakutuma? Mwanangu ana joto tu! Chukua uchafu wako!"

Akaitupa juu ya kaunta. Mwenye duka hakukasirika. Aliinama, akanong'ona karibu na sikio lake, na pumzi yake haikuwa na joto lolote.

"Mimi naweka tu, Fundi. Kitambaa ni kitambaa. Kinakuwa nguo ya nani... hiyo si kazi yangu. Ni yako."

Fundi alikimbia. Kandambili moja ilibaki kiwanjani, hakugeuka.

Nyumbani alimkuta Chiriku anawaka. Macho nusu wazi, midomo imekauka, na yule mtoto asiyefunga domo hata akilala hakusema neno. Pumzi zilikuja fupi fupi. Fundi alikuwa ameshamweka begani, ampeleke zahanati, mlango ulipogongwa.

Ko... ko... ko.

"Hodi! Fundi, umesahau mzigo wako!"

Kinyozi. Anatabasamu. Mkono mmoja kandambili, mkono mwingine kile kifurushi, kimefungwa tena vizuri.

"Usiingize hicho!" Fundi akapiga kelele. "Kirudishe! Kirudishe sasa hivi!"

"Jamani, mimi nakusaidia..."

"Nimekwambia usi..."

Kinyozi alikuwa ameshaingia. Ndivyo walivyozoeana kiwanjani, kubebeana mizigo, kuingia kwa mwenzako bila kusubiri jibu. Akakitua juu ya meza ya kukatia.

Begani kwa Fundi, Chiriku alikakamaa.

Alitoa mlio mmoja mwembamba, kisha kichwa kikaanguka. Pumzi ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena.

"Toka!" Fundi alimsukuma Kinyozi kifuani. "Toka, mpumbavu wewe! Umemuua mwanangu!"

"Watu wengine hawafai hata kusaidiwa," Kinyozi akasema, ameumia kweli, na akaondoka.

Fundi alimlaza mtoto. Alikitupa kifurushi uani. Pumzi ya mtoto haikurudi sawa. Akatoka mbio akakiokota, maana hata kukichoma aliogopa. Moto ungemchoma nani? Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa, na Chiriku hakuwa na nusu saa. Hilo alilijua kama mama yeyote angelijua.

Kazi yako.

Hakujua kama maneno hayo ya mwenye duka ameyasikia au ameyakumbuka. Alichokijua ni hasira, na hasira ile ilikuwa inatafuta mtu. Mwenye duka alikuwa mbali. Aliyekileta kifo hadi mezani alikuwa na jina, tena alikuwa na vipimo. Fundi alikuwa amemshonea makoti ya kazi miaka kumi. Kifua arobaini na mbili. Bega kumi na tisa. Hakuhitaji daftari.

"Si amekipenda?" akasema kwa sauti, meno yamekaza. "Si alikuwa analililia koti jipya? Haya!"

Mkasi ukaingia.

Kwa mikono mifupi, bila mifuko, kitambaa kilibana lakini kilitosha. Alishona kama mtu anayepigana. Mshono wa kwanza wa bega, na nyuma yake Chiriku akavuta pumzi ndefu. Mshono wa ubavu, mtoto akajigeuza. Fundi alisikia, akaelewa kinachotendeka, na mguu wake haukuacha kukanyaga. Lazima hili lisemwe. Alielewa, na hakuacha.

Alipokata uzi wa kifungo cha mwisho, sauti ndogo ikatoka kitandani.

"Mama, nina njaa. Mbona unalia? Halafu mbona taa hukuwasha?"

Fundi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Asubuhi kilio kilitoka upande wa kiwanjani. Kinyozi hakuamka. Presha, alisema daktari, na watu wakakubali, maana alikuwa mnene na alipenda chumvi. Fundi aliukubali uongo huo pia. Alijaribu. Akajikalia ndani, amelifungia koti kwenye kabati, na akili yake ikimtukana matusi ambayo hata yeye hakuwahi kumtukana mtu.

Saa nne mjane akaja, macho yamevimba, Mama Mayai amemshika mkono.

"Fundi," akasema, "nimeambiwa una koti lake jeupe. Alipenda kwenda kazini msafi. Nataka aondoke nalo."

"Nani... nani kakwambia?"

"Yule wa kona. Anasema wewe ndiye uliyemuwekea."

Fundi alifungua mdomo kukana. Chiriku, mzima, mdomo unakwenda kama kawaida, alishakimbilia kabatini.

"Hili hapa! Mama alilishona jana, mimi nikiwa naumwa!"

Mjane alilikunjua polepole. Akalipima begani kwa macho ya mke, akalikumbatia, akaanza kulia upya.

"Ni lake kabisa," alisema. "Mungu akuweke, dada. Lakini ulijuaje?"

Fundi alitazama sakafu. Alitaka kusema. Wallahi alitaka, lakini Chiriku alikuwa amemshika kanga, mkono wa mtoto una joto la kawaida, naye akaufunika kwa wake.

Mjane akatoka na koti. Mama Mayai alibaki mlangoni kidogo. Akatazama huku na huku, akasogea, akashusha sauti. Machoni alikuwa na ile furaha Fundi aliyokuwa akiiona kwenye foleni ya kona.

"Na mimi, Fundi," akanong'ona. "Hujaniwekea chochote?"