Sumu Ndani ya Mkaa

Asubuhi hiyo maji ya kisima cha mtaa yalitoka na wekundu hafifu, na watoto walioyanywa wakaanza kutapika. Mkemia, mwanamke aliyelitengeneza chujio la kisima hicho, alifungua tangi, akachota mkaa kiganjani na kuusogezea sumaku. Mkaa haukutikisika.

"Huu si wangu," alimwambia inspekta wa polisi aliyefika kuchunguza. "Wangu nimeutia chembe za chuma kwenye vitundu vyake ili unase sumu. Sumaku ingeuvuta."

"Watu wanasema umewawekea mkaa wa jikoni."

"Waache waseme. Wewe nitafutie mkaa wangu."

Kufuli la tangi lilikuwa zima, kwa hiyo inspekta alimbana mlinzi wa kisima kwanza.

"Afande, mwanangu ni mmoja wa hao wanaotapika," mlinzi alisema. "Nimtilie sumu mwenyewe? Ufunguo wangu huu hapa. Wa pili anao mama mkemia."

Inspekta akamgeukia mkemia. "Unauweka wapi?"

"Jikoni kwangu, ukutani."

"Nani huingia humo?"

Mkemia alisita. "Familia tu. Jumapili alikuja shemeji yangu."

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa meneja wa kiwanda cha kutia nguo rangi, ng'ambo ya barabara. Walimkuta ofisini, shati limenyooshwa vizuri.

"Kisimani sijawahi kukanyaga," alisema.

"Na buti ya gari lako hapo nje mbona ina vumbi jeusi?" inspekta aliuliza.

"Mkaa wa kuchomea nyama, afande."

Walitoka hadi kwenye gari. Inspekta alipitisha sumaku juu ya lile vumbi, nalo likaruka na kuganda kama manyoya.

Meneja aliegemea gari. "Shemeji, ulisema mwenyewe mezani kwamba wiki hii utaupima mkaa. Huo mkaa umejaa sumu ya rangi zetu inayopenya hadi kisimani. Wangetufungia kiwanda."

"Ukaona heri watoto wainywe?"

"Nilitaka waone chujio halifai, basi. Tuyamalize kindugu. Mama akisikia ataugua."

"Mama nitamwambia mimi, leo hii. Magunia ya mkaa wangu yako wapi?"

"Stoo."

Inspekta alimtia pingu. Simu ya mkemia ikalia. Alikuwa mama mkwe, habari zimeshamfikia, akimsihi anyamaze.

"Mama, nakuheshimu," alijibu, "lakini sinyamazi."

Akaingia stoo, akajitwika gunia la kwanza, akapita nalo katikati ya wafanyakazi wote kuelekea maabara yake, akaupime mkaa.