Mchunguzi wa Maini

Soko la Oyugis lilikuwa limefurika siku Mniko alipoingia kwenye bucha ya Mourine, amevaa koti jeupe na gambuti, mkononi kioo cha kukuzia vitu. Mourine alikuwa amefunga kilemba cha manjano kilichomkaa sawasawa, na Mniko akasahau kilichomleta.

"Natafuta minyoo ya ini," akasema hatimaye.

"Kwa bucha yangu? Ushindwe!"

Akajieleza haraka: anatoka Migori, huu ni utafiti wake wa kwanza, anapasua maini ya ng'ombe kuona kama yana minyoo. Mourine akamruhusu. Kijana alikuwa na macho mazuri, tusidanganyane.

Akawa anakuja kila asubuhi. Ikaja chai, zikaja simu za jioni.

"Umekula, jaber?"

"Ai! Nani amekufunza Kijaluo, wewe Mkuria?"

"Nilimuuliza yule mama anayeuza dagaa, mama wa omena, kwa Kijaluo mrembo anaitwaje."

Lakini koti jeupe likiinamia nyama kila siku, wateja wataelewa nini? Kufikia wiki ya tatu wote walikuwa wamehamia kwa Tony, ng'ambo ya barabara. Mourine akabaki na nzi, na bucha ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Akapiga simu kwa hasira.

"Usikanyage hapa tena! Watu wanasema nauza ng'ombe wagonjwa."

"Mpenzi, nisikize..."

"Mpenzi wako ni minyoo!"

Kesho yake mchana Mniko akatokea bila koti, shati limepigwa pasi. Akaagiza nusu kilo ya ini la kukaanga, akalila mlangoni, mafuta yakimtiririka kidevuni. Watu wakajaa.

"Daktari, unakula hiyo?" mama wa omena akashangaa.

"Siku kumi na tisa nimepasua maini hapa. Sijapata hata mnyoo mmoja!"

Foleni ikaanza kujipanga. Mourine akaweka kisu chini.

"Ngoja kwanza. Kama unatafuta minyoo na hapa hakuna, ulikuwa unarudia nini?"

Mniko akapangusa mafuta kidevuni. "Hata msimamizi wangu ameniuliza. Nilishindwa kumjibu."

"Nijibu mimi."

"Nilikuwa nakuja kukuona. Nakupenda, Mourine. Nataka kuleta ng'ombe wa mahari kwenu."

Foleni nzima ikamgeukia Mourine.

"Kubali upesi, nyathina, mwanangu," mama wa omena akasihi, "nimeacha sufuria kwa moto!"

Mourine alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda.

"Walete," akasema. "Lakini nitawapima mmoja mmoja. Nikipata mwenye minyoo, unarudi naye Migori."