Blauzi ya Kompyuta

"Hii blauzi umenivisha lini?"

Mpiga picha aliganda mlangoni pa studio, kikombe cha chai mkononi. Mshonaji alikuwa nje, kidole kwenye kioo cha dirisha, pale iliponing'inia picha yake kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Picha hiyo alipigwa mabega wazi, macho yamelegea, akimtazama aliyeshika kamera. Sasa mabega yote yamemezwa na blauzi ya kijivu, kola hadi kidevuni.

"Mpenzi, ni kompyuta tu..."

"Mimi nashonea mtaa mzima, wewe unanivisha kitu hakina hata mshono wa bega!"

Kinyozi wa jirani akatoka kuchungulia, mteja wake nyuma, kanyolewa nusu kichwa.

"Shemeji yako alinipigia," mpiga picha akanong'ona. "Anasema mjane wa kaka yake hawezi kuanikwa dirishani."

"Kaka yake nilimzika, nikamlilia mpaka machozi yakaniishia. Mabega yalibaki yangu. Si nilikwambia mwenyewe uitundike?"

"Uliniambia."

"Na wewe ukasema unanitaka mchana kweupe, mbele za watu. Kumbe unanitaka kwa kujificha?"

Simu ikaita mfukoni mwa mpiga picha. Shemeji huyo. Mshonaji akaichomoa, akaweka spika.

"Wewe mpiga picha! Umeitoa ile picha? Huyo ni wetu!"

"Ni mimi, shemeji. Wenu tangu lini? Nilipolazwa hospitali mbona hamkunijua?"

"Nyamaza, nataka kuongea na mwanaume!"

Mpiga picha akaweka kikombe chini, akaisogelea simu.

"Haya, msikilize mwanaume," akasema. "Huyu si wenu. Wala si wangu. Ni wa kwake mwenyewe. Mimi ndiye wa kwake, kama bado ananitaka."

"Nakuja hapo na wazee wote wa ukoo!"

Simu ikakatwa. Mpiga picha akaingia ndani, printa ikanguruma kama lori linalopanda mlima. Akatoka na picha ile ile, mabega wazi. Akaishusha ile ya blauzi, akaitundika hii.

Kinyozi akapiga mluzi.

"Shika wembe wako!" mteja akafoka.

Mshonaji akacheka, akamshika mpiga picha mkono hapo hapo barabarani.

"Na hao wazee wakifika?" mpiga picha akauliza.

"Watolee viti, mpenzi. Mashahidi wa ndoa wanajileta wenyewe, tunataka nini tena?"