Siku Barabara Nzima Ilipomsalimu Baba

Baba ni seremala, na siku hiyo alikuwa pia babu mpya. Vyeo viwili kwa mtu mmoja ni vingi. Tangu jana yake alitembea kifua mbele, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa mtoto.

Dada alikuwa amejifungua binti, wa kwanza. Kazi yetu ilikuwa kuwachukua hospitali na kuwafikisha nyumbani kwao, safari ndefu, wote wakiwa wazima. Shemeji alikuwa kule akipaka chumba rangi.

Baba alipakia gari mwenyewe. Juu ya keria aliweka kitanda cha mtoto alichokichonga kwa mikono yake, akakifunga kamba moja katikati. Alitutangazia kwamba fundo lake halifunguki hata kwa amri ya mahakama. Kwenye buti aliweka magunia mawili ya mchele, beseni na godoro. Godoro lilining'inia nje likafunika taa za nyuma. Gari likashuka nyuma kama kuku anayeatamia mayai.

Kiti cha nyuma lilipewa sanduku la misumari na nyundo. Mimi nilipewa ukingo. Mikanda ya nyuma ilikuwa imesukumwa chini ya kiti ili isitusumbue. Mama alikaa mbele, sufuria ya supu mapajani. Alikataa kuiweka chini. Supu ya mzazi haiwekwi sakafuni.

Tuliondoka kabla ya jua. Gari la kwanza tulilopishana nalo lilituwashia taa mara mbili. Baba akainua mkono.

"Wamesikia," alisema.

La pili likawasha taa. La tatu likapiga na honi. Baba alipunga mkono kama mgeni rasmi. Mama aliuliza, kwa ustaarabu wote, watu hao wamesikia kutoka kwa nani. Baba alijibu kwamba habari njema haihitaji tarishi.

Kisha likaja gari dogo. Liliwasha taa mara tatu. Baba akapunga mikono yote miwili. Gari dogo likayumba, likaingia kwenye majani kando ya barabara. Baba akakanyaga breki.

Hapo kila kitu kikaanza safari yake. Sufuria ilichomoka mikononi mwa Mama ikagonga dashibodi. Supu ikamwagikia kioo. Sanduku la misumari liligonga kiti cha Baba. Kitanda kikateleza mbele, miguu yake ikatuchungulia kupitia kioo.

Hakuna aliyeumia. Kutoka kwenye lile gari dogo akashuka Shangazi, mdogo wake Baba. Shangazi ni mwalimu wa udereva. Hukaa kila siku pembeni ya watu wanaochanganya breki na mafuta, kwa hiyo hashtuki ovyo. Alikuwa analeta kwetu kiti cha mtoto cha garini.

"Kaka, ulikuwa unanipungia nini?"

"Nakusalimu."

"Sikuwa naona barabara. Taa zako zinanipofusha. Kidogo nikugonge, babu mpya."

Baba aliapa kwamba hakuwasha mwanga mkali. Kweli, hakuwasha. Shangazi akamsimamisha mbele ya gari. Baba akafumba macho. Shangazi alieleza kwamba buti likilemewa, nyuma ya gari hushuka na pua huinuka. Taa nazo huinuka, zikaacha barabara na kumulika macho ya watu. Halafu akampeleka nyuma, walikoona godoro na si taa.

"Ukikanyaga breki, anayekufuata anaambiwa na nani?" Shangazi aliuliza. "Na godoro?"

Tukapakua kila kitu. Gunia moja likahamia kwenye gari la Shangazi. Lingine tuliliweka chini kabisa kwenye buti, likaegemea kiti, na sanduku la misumari likabanwa kando yake. Vizito hukaa chini, vyepesi ndivyo hupanda juu. Godoro tulilikunja likapanda kwenye keria. Kitanda kilifungwa mbele na nyuma, kwenye vyuma vyenyewe vya keria. Shangazi alikitikisa mpaka gari zima likatikisika nacho. Akamwambia Baba asimame baada ya mwendo mfupi akaze tena, maana kamba hulegea. Akamwonyesha pia kwenye kitabu cha gari uzito ambao keria yetu inaruhusiwa kubeba.

Karibu na usukani palikuwa na kigurudumu cha kushusha taa gari linapobeba mzigo. Baba alidhani ni cha redio. Alikuwa amekilaumu sana kwa ukimya wake.

Tukatoa mikanda chini ya kiti. Tukainua viegemeo vya kichwa vifike kisogoni, si shingoni. Kisha Shangazi akaleta kiti cha mtoto, na Mama akakunja uso.

"Mjukuu wangu nitambeba mwenyewe. Mikono hii imelea watoto wanne, hakuna aliyeanguka."

Shangazi alitazama supu ikidondoka kwenye dashibodi.

"Wifi, sufuria uliishika kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Uliiachia?"

 Kipande cha karoti kilishuka taratibu kwenye kioo. Sote tulikitazama.

Mama ndiye aliyekichukua kile kiti akakipeleka nyuma. Shangazi alimwonyesha namna ya kukifunga kwa mkanda mpaka kisicheze, mtoto akitazama nyuma ya gari. Kiti hicho hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa, kwa sababu gari likigonga, mfuko hujaa ghafla ukakipiga kwa nguvu.

Mchana tulitoka hospitali, mtoto amefungwa vizuri kati ya Mama na Dada, mimi nimehamia mbele. Tulipokuwa njiani, baiskeli ikakatiza mbele yetu. Baba akakanyaga breki kwa nguvu. Mkanda ulinikaba kifua. Kitanda hakikusogea. Mimi na Baba tukageuka nyuma kwa pamoja.

Mtoto alipiga mwayo, akalala tena.

Mama aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akaukaza mkanda wake.

Baba peke yake ndiye aliyenung'unika. Alisema watu wa njia hii wana maringo, hakuna hata mmoja anayesalimia.

Giza lilipoanza kuingia, likaja gari lililojaa mizigo, nyuma chini, pua juu, taa zikituchoma macho. Baba alipunguza mwendo, akatazama ukingo wa barabara, akawasha taa mara moja.

Dereva yule alicheka, akatupungia mkono mzima.

"Maskini," alisema Baba. "Naye amepata mjukuu."