Mimba Iliyotunga Mrijani

Jalila ni mchoraji wa hina. Anakaa Timbwani, Likoni, mjini Mombasa, na mume wake Abdulaziz na mama mkwe wake, Bi Fatma. Abdulaziz ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi huenda kwenye karakana yake, mtaa wa Shika Adabu. Jalila naye huenda kwa mabiharusi kuwachora mikono na miguu. Ana mkono mwepesi. Hata watu wa Mkomani, ng'ambo ya kivuko, humwita.

Kwa miaka sita ya ndoa, Jalila hakupata mtoto. Bi Fatma hakumsema vibaya hata siku moja. Lakini kila alipotoka kumtazama jirani aliyejifungua, alirudi kimya, akakaa na tasbihi yake. Ukimya ule ulimuuma Jalila kuliko matusi.

Mwezi wa Mei, hedhi ya Jalila haikuja. Alinunua kipimo cha mkojo kwenye duka la dawa. Mistari miwili ikatokea. Bi Fatma alisujudu palepale sebuleni. Abdulaziz alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

Furaha hiyo ilidumu wiki mbili.

Jumatatu moja, Jalila alikuwa akimchora biharusi. Ghafla alihisi kichomi chini ya tumbo, upande wa kulia. Kikaja, kikaenda. Alipoingia msalani aliona damu kidogo, nyeusi kama kahawa. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akilitamka jambo lile, litakuwa kweli.

Jumatano kichomi kilirudi. Alijipa moyo akaenda zahanati peke yake. Daktari alimpiga picha ya tumbo. Alikuwa mwanamke kijana, na alisema polepole.

"Dada yangu, mimba ipo, lakini haiko mahali pake. Imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi. Huko haiwezi kukua. Lazima itolewe, na iwe leo. Hii hapa barua. Nenda hospitali moja kwa moja."

Jalila alisikia neno moja tu. *Itolewe.*

Tangu utotoni alifundishwa katika chuo cha Kurani kwamba kutoa mimba ni haramu. Aliwahi kumwona msichana wa mtaani kwao akinyooshewa vidole mpaka akahama. Daktari aliendelea kueleza, lakini Jalila hakusikia tena. Alipokea barua, akasema ahsante, akaondoka. Hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani, akaificha barua chini ya godoro.

Aliposwali alasiri, alikaa juu ya mswala muda mrefu. "Nikikubali, nimeua," aliwaza. "Nikikataa, labda nitakufa." Alimwomba Mungu aishushe mimba mahali pake.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Jalila alikuwa jikoni. Kitu kilipasuka ndani ya tumbo lake. Hivyo ndivyo alivyohisi. Alishika ukuta, akateleza mpaka chini. Jasho la baridi lilimtoka.

Bi Fatma alikuja mbio. "Mwanangu, una nini?"

"Tumbo, mama."

"Ni chango tu. Ngoja nikuchemshie tangawizi."

Lakini alipomtazama usoni, aliona midomo ya mkaza mwanawe imekuwa myeupe. Alimpigia Abdulaziz simu. Kisha akatoka uani, akamwita jirani kwa sauti: "Mercyline! Ewe Mercyline!"

Mercyline ni mhudumu wa afya ya jamii mtaani hapo. Alizaliwa Busia. Ni Mkatoliki, na amekaa Timbwani miaka kumi na miwili. Aliingia bila hata kupiga hodi. Akapiga magoti, akamshika Jalila mkono kupima mapigo ya moyo.

"Maumivu yako upande gani?"

"Kulia. Sasa tumbo zima."

"Na bega? Bega linauma?"

"Linauma sana. Mbona bega, Mercyline?"

Mercyline akauliza upesi: "Ulipigwa picha ya tumbo?"

Jalila alielekeza macho chumbani. "Chini ya godoro," akasema.

Mercyline aliileta barua akaisoma. Kisha akaitoa simu yake, akaita tuktuk.

"Barua ya nini hiyo?" Bi Fatma aliuliza.

"Mama, mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Jana aliambiwa aende hospitali ikatolewe. Inabidi aende sasa hivi."

Bi Fatma alikwenda akasimama mlangoni. "Kutoa mimba? Katika nyumba hii? Mercyline, tumeishi kwa wema miaka yote hii. Usinitie motoni."

Wakati huo Abdulaziz alifika, nguo zake zimejaa vumbi la chuma. Alimkuta mkewe sakafuni na mama yake mlangoni. "Mama, nipishe."

"Sikupishi mpaka nijue tunakwenda kufanya nini!"

Mercyline alisimama. Alijilazimisha kusema kwa utulivu, ingawa na yeye aliogopa.

"Mama, sikiliza. Hata mimi dini yangu inakataza kutoa mimba. Singekuja hapa kukushawishi ufanye dhambi. Mtoto hukua ndani ya mfuko wa uzazi, kwa sababu mfuko hutanuka. Mimba hii imekwama njiani, kwenye mrija mwembamba kama mrija wa kunywea soda. Mrija hautanuki. Mimba ikikua, mrija hupasuka. Nadhani huu umeshapasuka. Damu inamwagika ndani ya tumbo, ndiyo maana huioni. Ndiyo hiyo inayomuumiza bega."

"Si waihamishe, waiweke mahali pake?"

"Hakuna daktari anayeweza kufanya hivyo, Mama. Wallahi hakuna." Mercyline mwenyewe hakujua kama ameapa.

Bi Fatma alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka. "Mpigieni Maalim Hanan. Asemalo nitalikubali."

Maalim Hanan ni mwanamke anayefundisha dini kwa akina mama wa mtaa. Abdulaziz alipiga simu, akaiweka kwa sauti kubwa. Huku simu ikilia, yeye na Mercyline walimwinua Jalila. Kichwa chake kiliangukia kifuani mwa mumewe.

Maalim alipokea. Mercyline alimweleza kwa maneno machache.

"Mimba hiyo yaweza kuishi hapo ilipo?" Maalim aliuliza.

"Hapana, haiwezi."

"Na yaweza kuhamishwa?"

"Haiwezi, Maalim."

"Na mama je?"

"Anavuja damu ndani. Tukikaa hapa atakufa."

Jalila alikuwa akisikia kila neno. Alikuwa akiogopa jibu kuliko alivyoogopa maumivu.

"Bi Fatma, wanisikia?"

"Abee, Maalim."

"Kutoa mimba bila dharura ni haramu. Nimefundisha hivyo, na nitaendelea kufundisha. Lakini hili ni jambo jingine. Mimba hiyo haina njia ya kuishi. Nafsi inayoweza kuokolewa ni moja, nayo ni ya Jalila. Madaktari wa kweli wamesema ni dharura, na wanazuoni wetu wameruhusu kuokoa uhai wa mama. Kuna dhambi gani katika hilo?"

"Naogopa, Maalim."

"Hata mimi naogopa. Bi Fatma, ondoka mlangoni."

Bi Fatma aliondoka mlangoni. Alichukua buibui lake, akawafuata mpaka kwenye tuktuk.

Hospitalini, wauguzi walimpokea Jalila mbiombio. Daktari wa upasuaji, Daktari Oduor, alimwinamia kitandani. Jalila alimshika mkono.

"Daktari, naua?"

"La, mama. Mrija wako umepasuka. Mimba haikuwa na njia ya kupona. Tunakwenda kuzuia damu ili upone wewe."

Jalila alisoma shahada, akafumba macho.

Bi Fatma alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Tasbihi ilikuwa mkononi, lakini vidole vilikataa kwenda. Kila mlango ulipofunguliwa, alishtuka. Mercyline alikaa karibu yake, naye akisali kimya, kwa dini yake. Abdulaziz alisimama tu, ameukabili ukuta.

Baada ya muda mrefu, Daktari Oduor alitoka. "Yuko hai," akasema. "Tumemwongezea damu. Tumeuondoa mrija uliopasuka, lakini wa pili ni mzima. Anaweza kushika mimba tena. Siku hedhi ikichelewa, asingoje. Aje mapema apigwe picha, tujue mimba imetunga wapi. Mngechelewa kidogo tu, nisingekuwa na habari hii ya kuwapa."

Abdulaziz alikaa chini, papo hapo kwenye sakafu.

Jalila alirudi nyumbani baada ya siku tano. Hakuwa na furaha. Alilia kitandani, akalia jikoni. Maalim Hanan alikuja kumtazama, akamwambia, "Lia, mwanangu. Umepoteza ulichokuwa ukikitamani. Huzuni si dhambi." Bi Fatma alimsogelea mkaza mwanawe, akamshika miguu. "Nisamehe. Nilimwogopa Mungu, nikaziba mlango kabla ya kuuliza. Na wewe uliogopa ukanyamaza. Hofu yetu sote wawili ingekuua."

Mwezi uliofuata, Maalim Hanan alimkaribisha Mercyline katika darasa lake la akina mama. Mercyline alieleza dalili: hedhi kuchelewa, maumivu upande mmoja wa tumbo, damu kidogo, kizunguzungu, maumivu ya bega. Mama mmoja alisimama kwa ukali.

"Je, huku si kuwafungulia watu mlango wa kutoa mimba?"

"Hatujafungua mlango wowote," Maalim akajibu. "Haramu ni ileile. Tunachokataa ni mwanamke kufa kwa sababu hatukuuliza. Mkiwa na shaka, nendeni hospitali upesi, na mniulize mkiwa njiani."

Bi Fatma alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Wiki chache baadaye alisikia kwamba Mishi, mke mdogo wa jirani yao Garama, ana mimba changa na tumbo linamuuma. Mishi alikuwa amejifungia chumbani, anaogopa ataambiwa mabaya hospitalini. Bi Fatma hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akagonga mpaka mlango ukafunguliwa.

"Vaa viatu, mwanangu. Twende."

Daktari alipiga picha. Mimba ilikuwa ndani ya mfuko wa uzazi, salama salimini. Maumivu yalikuwa ya ugonjwa wa njia ya mkojo, na dawa yake ilikuwapo.

Walipokuwa wakirudi, Mishi aliona haya. "Nimekusumbua bure, Bi Fatma."

"Bure?" Bi Fatma alisimama katikati ya njia, akamgusa tumbo. "Tulikwenda watatu, tumerudi watatu. Alhamdulillahi."