Mashine ya 610

Ndugu zangu wa Kasulu, na nyie wa Kibondo msijifiche, ninayoyasema leo nayasema kwa hasira. Mafundi wetu wana ugonjwa wa kujifanya wanajua. Ugonjwa huo umeivunja nyumba ya Ildefonce, seremala wa Murubona, na nimeona kwa macho yangu.

Asubuhi ile karakana ilikuwa tulivu. Ildefonce akipiga randa, mkewe Herieth akipiga msasa kwa mkono, kama walivyofanya miaka tisa, na maharage yakichemka pembeni. Katikati lilisimama kabati la milango miwili la Mwalimu Asnath wa Kibondo. Lilikuwa la marehemu mama yake, na nje lina ngozi nyembamba ya mninga iliyobandikwa juu ya plaiwudi.

"Fundi, ling'arishe tu," Asnath alikuwa amemsihi. "Sina kitu kingine cha Mama."

Kwa kazi hiyo Ildefonce akaenda dukani kwa Khatibu kununua mashine ya msasa. Zilikuwepo mbili: moja imeandikwa RO 125-3, nyingine BS 610.

"Unakwenda kufanyia kazi gani, mzee?" Khatibu akauliza.

"Kazi yangu inakuhusu nini? Nipe hiyo ya 610. Hata pikipiki, ya 150 inaipita ya 125 mlimani. Nani asiyejua?"

Mnasikia? Alisoma jina la mashine kama anasoma nguvu ya bodaboda! Na msicheke, maana nusu yenu mngefanya hivyo hivyo.

Nyumbani Herieth alifungua kijitabu kilichokuja na mashine, kilichoeleza mashine zote za kiwanda kile. Akasoma taratibu, akapiga mstari kwa kalamu.

"Baba Providence, subiri kwanza. Hii 610 ni urefu wa mkanda wa msasa, kwa milimita. Siyo nguvu. Na BS maana yake ni ya mkanda, ya kuparua mbao nene. Ile RO ndiyo ya duara, ya kulainisha. Hiyo 125 ni upana wa duara, na 3 ni milimita inazocheza, kidogo tu. Kaibadilishe."

"Yewe! Umekuwa fundi lini wewe? Nyamaza kabla sijakutoa humu."

Akaiwasha. Ikanguruma, ikamvuta mbele, na kabla hajaizuia ilikuwa imekula mninga wa mlango wa kushoto hadi plaiwudi nyeupe ikaonekana. Alipojaribu kusawazisha akazidisha shimo. Mpumbavu! Najua ni neno kali, lakini sina jingine.

Asnath alifika kesho yake mchana. Aligusa ule weupe kwa kidole, akalia bila kujificha.

"Ni huyu mwanamke," Ildefonce akadakia. "Kijitabu amekisoma yeye, na hakuniambia kitu."

Herieth alimpa Asnath kijitabu, kimefunguliwa pale penye mstari wa kalamu. "Haya nilimsomea kabla hajaiwasha, akaninyamazisha." Asnath alisoma, kisha akamgeukia Ildefonce.

"Kuharibu ningekusamehe. Ila kumsingizia mkeo mbele yangu! Mkono wako usiguse tena kitu changu." Akamtazama Herieth. "Mama Providence, mlango wa kulia bado mzima. Utakuja kuumaliza kwa mkono, kwangu Kibondo?"

Herieth alifunga karatasi zake za msasa kwenye kanga, akamshika mkono binti yake Providence, wakapanda gari alilokuja nalo Asnath, pamoja na kabati. Hawajarudi. Nasikia kazi zimemjaa huko, na mafundi wanaume wanampelekea vijitabu awasomee. Ildefonce amebaki na 610 yake, na wateja wanampita kama hawamjui.

FUNZO LETU

Jina la mashine si cheo. Mara nyingi herufi hutaja aina yake, na namba huweza kuwa kipimo cha msasa tu, tena kila kiwanda kina mtindo wake wa kuandika. Mwambie muuzaji kazi unayokwenda kufanya, fungua kijitabu, uliza. Na aliyesoma akikueleza, hata awe mkeo, msikilize. Ildefonce angemsikiliza Herieth, leo Asnath angekuwa na kabati zima la mama yake, na yeye angekuwa na mke.